Mikono iliyobaki Likoni: jiko la vitafunio ndani ya Mji wa Kale, Mei 2020

Alasiri ya Jumatano tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi vinafungwa kwa sababu ya korona kuanzia saa moja jioni hiyo hiyo. Aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie, siku 15. Mimi nilikuwa nimekalia mbuzi nikikuna nazi katika jiko la shangazi yangu, nyumba ya kichochoroni karibu na Ndia Kuu. Redio ilikuwa juu ya friji. Dada anayemsaidia shangazi kazi, mkaazi wa Likoni, ng’ambo ya feri, alikuwa akisukuma manda, yale maganda membamba ya unga ya sambusa. Aliposikia mtaa wetu ukitajwa aliacha kusukuma, mikono imejaa unga, akamtazama shangazi.

“Nenda, mwanangu,” shangazi akamwambia. “Wahi feri. Watoto hawawezi kulala peke yao siku kumi na tano.”

Akanawa, akavaa buibui, akaondoka. Kwenye kibao zilibaki manda nane zimepakwa mafuta na kupandanishwa, hazijafika kwenye chuma cha moto. Shangazi akazifunika kwa kitambaa.

Nimeyaandika haya kwa sababu kila ninapowasikia watu wakieleza jinsi biashara ndogo zilivyoumia wakati wa korona, sababu huwa ni ile ile: wateja walipotea, pesa zikakauka. Katika jiko hili mambo yalikwenda vingine. Wateja walikuwepo, tena jioni nyingine walizidi tulichopika. Unga ulikuwepo. Tulichokosa ni mikono na saa, na kwa kuwa hakuna aliyetuuliza, hata sisi wenyewe tulichelewa kukijua.

Shangazi ni mjane, na jiko lake lina zaidi ya miaka 20. Siku za kawaida hupika mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, akaweka meza barazani, na kufika saa mbili amemaliza. Wanunuzi wake ni hamali wa soko la Marikiti, madereva wa tuktuk, mafundi cherehani, vijana wanaotembeza watalii Fort Jesus. Ukija mwezi wa Ramadhani jiko hugeuka: sambusa, katlesi, bajia, viazi vya karai, kaimati, mkate wa sinia. Faida ya mwezi huo ndiyo inayolipa karo na kodi ya miezi ya mbele, na ndiyo inayokarabati paa linalovuja.

Kufungwa kwa Mji wa Kale hakukuwa pigo la kwanza. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku chache baadaye shule zikafungwa, kisha misikiti na makanisa, kisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na vijana wa Fort Jesus wakakaa barazani bila mgeni hata mmoja. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo ya kwanza, watu waliokuwa wamepanga foleni ya feri ya Likoni ili wawahi nyumbani walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi. Dada wetu alikuwa ameshavuka. Lakini tangu siku ile, ikifika saa tisa alasiri, macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani kuliko kwenye karai.

Hamri halipikwi kwa haraka. Unga unakandwa kwa tui zito, sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke, unatengwa matonge, yanaachwa tena, ndipo unasukuma na kukata. Ukiharakisha kuumuka, hamri linaingia kwenye mafuta na kubaki bapa, halifuri, na mteja wa Mombasa atakurudishia. Mnunuzi wa asubuhi anataka hamri lake saa kumi na mbili, akienda kazini. Kabla ya kafyu, dada alikuwa akivuka feri usiku wa manane, na saa kumi alikuwa ameshaanza kukanda. Baada ya kafyu hakuweza kutoka nyumbani kwake kabla ya saa kumi na moja. Akipanda matatu, nayo imeamriwa kubeba abiria 8 badala ya 14, kisha apange foleni ya feri kwa kuachiana nafasi, alikuwa akifika kwetu saa moja kasorobo. Hamri la kwanza linatoka saa mbili, hamali ameshakunywa chai kavu na kwenda zake.

Shangazi akajaribu kukanda usiku mwenyewe. Ana baridi yabisi ya viganja, na kilo nne za unga si kazi ya mikono hiyo. Alikanda siku tatu, ya nne hakuweza kufunga kifungo cha nguo. Ndipo mimi, niliyekuwa nyumbani kwa sababu chuo kimefungwa, nikafundishwa kukanda. Nilikuwa na nguvu bila ujuzi. Yeye alikuwa na ujuzi na viganja vinauma. Alisimama nyuma yangu akiniambia, “Usiupige, usugue. Usikie unavyokuvuta.”

Basi Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili. Ramadhani ya Mji wa Kale ina masoko mawili. La kwanza ni kabla ya magharibi, watu wakitafuta futari. La pili ni baada ya sala za tarawehe, vichochoro vinapojaa watu mpaka usiku mkubwa, watoto wanacheza, wazee barazani, na mtu ananunua mishikaki, viazi na kaimati akielekea daku. Kwa shangazi soko la pili halikuwa dogo kuliko la kwanza. Mwaka ule tarawehe zilisaliwa nyumbani. Na magharibi ya Mombasa mwezi wa Mei huingia kama saa kumi na mbili na robo, kafyu saa moja: dakika 45 tu za kufuturu, kusali na kufunga mlango. Soko la pili likafa. Biashara iliyokuwa imetandazwa kutoka alasiri mpaka usiku sasa ililazimika kuingia yote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Hapa ndipo palipotudanganya. Tulipoona mauzo yamepungua tukadhani kazi imepungua, kwa hiyo hata tukiwa wachache tutaweza. Kumbe kinyume chake. Vitafunio vinavyouzwa polepole kwa saa saba vinahitaji karai moja na mtu mmoja wa kukaanga, kwa sababu unakaanga, unauza, unakaanga tena. Vitafunio hivyo hivyo ukitaka viwe tayari vyote kwa saa mbili, unahitaji makarai matatu na watu watatu. Kafyu iliongeza haja ya mikono, na siku ya 6 Mei jiko likapoteza mikono yake bora.

Niseme kitu kuhusu manda, maana watu wengi hula sambusa bila kuijua. Unasukuma vichapati vidogo, unapaka mafuta na kunyunyiza unga kati yake, unavipandanisha, unavisukuma tena kwa pamoja mpaka viwe vyembamba, kisha unaviweka kwenye chuma kwa muda mfupi sana, si kuviivisha bali kuvitoa ubichi. Vikiwa bado vya moto unavibandua kimoja kimoja, unavikata vipande virefu. Vikipoa kabla hujavibandua, vinachanika. Vikizidi moto, vinakauka na havikunjiki. Dada wa Likoni aliweza kuvibandua huku akizungumza nawe, bila kutazama. Shangazi aliijua kazi hiyo lakini vidole vyake havikumtii tena. Mimi jioni ya tarehe 7 nilizibandua zile nane zilizoachwa kibaoni, na zilizotoka nzima zilikuwa mbili.

Siku tatu za kwanza tulizipoteza kwa ukaidi wa kuendelea na orodha ile ile. Askari walisimama kwenye njia zinazotokea barabara kubwa. Masoko na migahawa ya ndani ilifungwa, na shangazi akaona hata meza ya barazani haifai kuonekana. Akaiondoa. Akafunga kamba ya katani mlangoni, kiunoni kwa mtu mzima, akaweka ndoo yenye mfereji na sabuni nje, na yeyote aliyekuja akasimama upande wa pili wa kamba. Tarehe 8 tulikuwa na sambusa nene kama maandazi, bajia zilizopoa, na watu zaidi ya ishirini kichochoroni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Adhana ikawakuta wengine bado wamesimama na sahani mikononi. Shangazi aliwagawia tende kupitia juu ya kamba, akaingia ndani akalia. Sijawahi kumwona akilia kwa sababu ya kazi, hata mwaka alipofiwa na mume.

Kwa nini wateja walikuwa wengi hivyo, wakati mji mzima hauna pesa? Nililiwaza swali hili baadaye, nikiwa na daftari. Miaka yote, katika mtaa wetu, nyumba hupelekeana futari. Sahani inatoka na kaimati, inarudi na tambi, haiendi tupu wala hairudi tupu. Wazee wanaoishi peke yao, vijana wa kutoka bara waliopanga chumba kimoja bila jiko, hamali wanaolala kwenye maghala, wote hao hula Ramadhani nzima kwa sahani za majirani. Mwaka ule sahani zilisimama. Watu waliogopa kupeleka na waliogopa kupokea. Bila mtu kutangaza, karibu kila asiye na jiko akawa mteja wa jiko lililo wazi. Shangazi alikuwa amebeba kazi ya sahani za mtaa mzima.

Tarehe 9 tuliletewa unga na mafuta ya msaada, na Mungu awalipe walioleta. Lakini tuliviweka juu ya unga tuliokuwa nao. Laiti mtu angefika na kuuliza, “Mnapungukiwa na nini?” shangazi angemjibu bila kufikiri: nipeni wasichana wawili kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili. Wasichana hao walikuwepo mtaani, shule zao zimefungwa, wamekaa tu.

Usiku wa tarehe 9 tukakaa jikoni, shangazi, mimi na binti wa jirani, tukaamua mambo ambayo naamini ndiyo yaliyoliokoa jiko. Sambusa ziondolewe kabisa mpaka manda zipatikane. Zibaki bajia, viazi vya karai, kaimati na mkate wa sinia, vitu ambavyo mikono isiyo na ujuzi inaviweza, na mkate wa sinia hauhitaji kuliwa moto, kwa hiyo unapikwa asubuhi na kuondoa mzigo jioni. Pili, watu waagize kwa simu kabla ya saa sita mchana. Tangu katikati ya Machi kampuni ya simu ya Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutumiana pesa kwa M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na hakuna futari ya mtu mmoja inayofika elfu. Mtu anatuma 80, anatuma 120, pesa inafika kamili, na noti haishikwi. Bila ada hiyo kuondolewa, mpango wetu usingesimama, kwani hakuna anayekubali kukatwa ada kwa ajili ya futari ya shilingi 120. Tatu, kila oda ipewe saa yake ya kuchukuliwa, wengine saa kumi na nusu, wengine saa kumi na moja, ili wasikutane mlangoni.

Binti wa jirani ndiye aliyeandika oda. Alikuwa kidato cha tatu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Manda zilirudi kwa njia ambayo shangazi hakuitarajia. Dada alipiga simu tarehe 11, akasema anaweza kuzitengenezea nyumbani kwake, avuke nazo asubuhi, aziache kwenye kizuizi cha askari. Chakula kiliruhusiwa kupita. Mara ya kwanza alizifunga kwa gazeti, zikafika zimekauka pembeni, zinakatika kama karatasi. Akapigiwa simu, shangazi akamwelekeza: kitambaa chenye unyevu, kisha mkebe wa plastiki wenye kifuniko, usifungue mpaka ufike. Mkebe wa pili ulifika tarehe 13. Nilikwenda kuupokea mwenyewe. Dada alisimama ng’ambo ya kizuizi, maski usoni, akauweka mkebe chini, akarudi nyuma hatua tatu, nami nikasogea nikauchukua. Tulikuwa tumezoea kugombania nafasi jikoni mpaka viwiko vinagongana. Akaniuliza, “Mikono yake vipi?” Nikamwambia bado. Akasema nimwambie shangazi asikunje sambusa usiku, akunje mchana kukiwa na mwanga.

Alilipwa kwa M-Pesa kwa kila mkebe. Shangazi alikataa kumlipa nusu kwa kuwa hakai siku nzima. Alimlipa kama siku zote, na hapa nadhani alifanya jambo la busara la biashara, licha ya kuwa yeye aliliona kuwa ni haki tu. Mfanyakazi mwenye ujuzi ule angeweza kuanza kupika vyake Likoni na kutuacha. Wengi waliachwa hivyo mwaka ule.

Suala la kupimwa linastahili nafasi kubwa kuliko niliyo nayo hapa. Maafisa walikuja mtaani kupima, na wengi hawakujitokeza. Nchi nzima ilikuwa na wagonjwa 582 waliothibitishwa siku tulipofungwa, idadi ambayo kwa mtu wa kichochoroni haikuwa na uso. Karantini ilikuwa na uso, kwani kila mmoja alikuwa amesikia habari za mtu aliyechukuliwa, akazuiwa, na kudaiwa gharama. Shangazi alikwenda kupimwa bila kumshauri mtu. Alisema anayelisha watu hana haki ya kutojua. Majibu yalikuwa salama.

Sasa deni. Mpango wa simu ulipoeleweka, wengine walianza kupiga na kusema, “Shangazi, leo sina.” Hamali hana mzigo, dereva wa tuktuk hana pa kwenda, kijana wa Fort Jesus hajaona mgeni tangu Machi. Shangazi hakumkatalia mtu hata mmoja magharibi ikikaribia. Binti wa jirani aliandika jina na kiasi. Kufikia Idi daftari lilikuwa na majina 37 na jumla ya shilingi 14,350. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na shangazi hakupandisha bei ya bajia hata shilingi moja.

Nampenda shangazi na nimekula mkono wake maisha yangu yote, lakini katika hili nina maoni tofauti na yake, na nimemwambia. Alichanganya deni na sadaka katika ukurasa mmoja. Kuna waliokuwa na uwezo wa kulipa nusu na wangelipa kama wangeambiwa, na kuna ambao hawakuwa nacho kabisa, na hao ilifaa wajue mapema kwamba hawadaiwi, wasije wakaona haya kupita kichochoroni. Nilimwona mzee mmoja, jirani wa miaka mingi, akizunguka njia ndefu ya nyuma kwenda dukani ili asipite mlangoni petu. Shilingi 240 ndizo zilizomzungusha. Laiti ukurasa ungekuwa miwili tangu siku ya kwanza, mzee yule angepita mbele ya mlango wetu na kusalimia kama kawaida.

Tarehe 20 Mei, siku ambayo tulitarajia kufunguliwa, muda ukaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Idi ikatukuta ndani, Jumapili tarehe 24. Hakuna swala ya uwanjani, hakuna watoto na nguo mpya kwenda nyumba hadi nyumba kuomba idi. Mafundi cherehani wa mtaa wetu, ambao kanzu za wiki ya mwisho ndizo mavuno yao, walikaa na vitambaa ambavyo wenyewe walikuwa nje na hawawezi kuja kuvichukua. Asubuhi ile shangazi alichukua daftari na kalamu nyekundu, akawapigia watu wote 37, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kuwapa mkono wa Idi. Kwa 22 alimalizia kwa kusema, “Na lile jambo letu limekwisha.” Simu ya yule mzee ilikuwa fupi kuliko zote. Baada ya adhuhuri alipita mbele ya mlango, akasimama upande wa pili wa kamba, akauliza kama kuna tambi.

Waliobaki 15 walilipa kidogo kidogo, wa mwisho mwezi wa Septemba.

Ukiniuliza leo jiko lilipata faida gani mwezi ule, daftari linasema karibu nusu ya Ramadhani ya mwaka uliotangulia, kabla ya kuondoa madeni yaliyosamehewa. Paa halikukarabatiwa. Lakini hakuna mtu wa kichochoro chetu aliyefuturu maji matupu, na dada wa Likoni hakukosa ujira wa siku hata moja tangu tarehe 13 Mei. Katika maamuzi yote, lililotufaa zaidi ni kuacha sambusa kwa siku chache badala ya kuuza mbovu, na lililotugharimu zaidi ni zile siku tatu za mwanzo tulipokataa kukiri kwamba tumepungukiwa.

Jumamosi tarehe 6 Juni Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Mji wa Kale na Eastleigh vinafunguliwa kuanzia saa kumi alfajiri ya kesho yake. Watu walishangilia kufunguliwa kwa njia. Shangazi alishika jambo jingine katika hotuba ile ile: kafyu ingeanza saa tatu usiku na kwisha saa kumi, si saa kumi na moja. Alirudia mara mbili, “Saa kumi, saa kumi,” akihesabu kwa vidole vilivyovimba. Matatu, feri, kutembea kutoka kivukoni. Akampigia dada.

Jumatatu dada alibisha hodi alfajiri, bado giza. Unga nilikuwa nimeukanda usiku na umeumuka mpaka umeinua sinia lililoufunika. Akalifunua, akaubonyeza kwa kidole kimoja, akatazama shimo likirudi polepole.

“Nani amekanda?”

Shangazi akaninyooshea mkono. Dada akakata tonge, akalivuta, akalinusa iliki, akaanza kusukuma bila kusema zaidi. Saa kumi na mbili na dakika tano meza ilikuwa barazani, na hamali wa kwanza alikuwa amesimama mbele yake.